Gramu Kumi na Saba za Klorini

Diploma yangu ya kemia nimeitundika sebuleni, mkabala na mlango, ili anayeingia aione kabla hajaniona mimi. Sioni haya kusema hivyo. Niliondoka Mombasa na cheti cha kidato cha nne ambacho hakuna mwajiri aliyetaka hata kukikunjua, nikaenda Ghuba kufagia sakafu katika kiwanda cha kugeuza maji ya bahari kuwa maji ya kunywa. Kutoka ufagio nikapanda hadi kuosha chupa za maabara, na kila chupa niliyoiosha niliiuliza ilikuwa na nini na kwa nini imeandikwa namba kubwa kuliko mwenzake. Wenzangu walilala mchana wa Ijumaa; mimi nilikwenda darasani. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna tajiri aliyenilipia karo. Miaka kumi na moja baadaye mimi ndiye niliyekuwa nikiamua mji mzima unywe maji yenye klorini kiasi gani, na mji mzima ulikunywa na haukulalamika.

Mtu wa namna hiyo akirudi nyumbani, hatarajii kushindwa na kisima.

Nyumbani ni Kuze, mtaa mkongwe wa Mombasa, kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Nilifika kwake na masanduku manne. Alinitazama juu chini, akanipa mkono niubusu, kisha akasema, "Umenenepa, mwanangu. Huko walikuwa wakikulisha au wakikufuga?"

Shangazi anasomesha Kurani katika chumba cha chini cha nyumba ile tangu kabla mimi sijazaliwa. Nusu ya watu wazima wa kichochoro chetu walijifunza alifu na be kwake, nami nikiwamo, na wengine sasa wanamletea wajukuu. Uani kuna kisima. Bomba la mtaa hutoa maji linapotaka, na mikokoteni ya madumu hupita inapotaka, lakini kisima kipo siku zote. Watoto hutawadha kwa maji yake na hunywa maji yake. Si matamu kama ya bomba, yana chumvi kidogo kwa mbali, ila Shangazi huyasifu kama mtu anavyomsifu mwanawe asiyekuwa mzuri sana wa sura.

Nilikuwa na wiki mbili tu nyumbani pale afisa wa afya alipobisha hodi. Ilikuwa Jumatatu, masika yamekwisha juzi tu. Alikuwa binti wa bara, kijana, amebeba mkoba wa plastiki na daftari, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Keti. Nikutilie kahawa?"

"Asante, lakini nimekuja kikazi."

"Kazi ina miguu? Keti kwanza."

Akaketi, akapewa finjani ya kahawa na kipande cha halua, na alipokwisha kunywa ndipo akatoa habari yenyewe. Walikuwa wamechukua maji ya visima vya mtaa kuyapima, kwa sababu watoto wengi walikuwa wakiumwa matumbo. Maji ya kisima cha Shangazi yalikutwa na vijidudu vya choo.

Shangazi aliweka birika chini polepole. "Vya nini?"

"Vya choo, mama. Si kisima chako peke yako. Mvua imejaza mashimo ya vyoo, na jiwe la hapa lina matundu kama sponji. Nitarudi Alhamisi kuchukua maji mengine. Yakiwa bado machafu, itabidi kisima kifungwe, na madrasa ifungwe pia mpaka mpate maji salama. Siwezi kuacha watoto thelathini wakae mahali pasipo na maji."

Shangazi alitazama mikeka iliyokunjwa ukutani, akatazama mlango wa uani, akawa anazungusha bangili yake tu mkononi. Ndipo nikasimama.

"Mimi ni mtaalamu wa maji," nikasema.

Binti akageuka. "Wa wapi?"

"Wa Ghuba. Nina diploma ya kemia. Nipe siku moja."

"Nimekupa tatu," akasema, akiandika katika daftari lake. "Zitumie zote, mzee."

Mzee! Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu na shati la pasi.

Alipoondoka, nilivua shati hilo nikaanza kazi. Kazi yenyewe, kwa mtu aliyesoma, ni rahisi. Dawa ikiwa kidogo mno, haiui kitu; ikiwa nyingi mno, maji hayanyweki. Kwa hiyo ni lazima ujue maji ni kiasi gani, halafu uamue kila lita ipate dawa kiasi gani. Hilo ndilo tunaloliita ukolevu. Nilimweleza Shangazi kwa mfano wa jikoni, maana mwalimu mzuri hutumia kilichopo.

"Nazi moja ukiikamua kwa kikombe kimoja cha maji, unapata tui gani?"

"Zito. La kasimile."

"Na nazi hiyo hiyo ukiitia vikombe sita?"

"Nitakuwa mwendawazimu."

"Lakini tui litakuwaje?"

"Jepesi, Baba. Hilo nalo lataka diploma?"

"Basi nazi ni klorini, na maji ni kisima. Nikijua maji ni vikombe vingapi, najua nitie nazi ngapi."

Ilikuwa saa kumi alasiri. Niliteremsha kamba yenye jiwe hadi chini, nikaivuta na kupima sehemu iliyolowa: mita mbili kamili. Mdomo wa kisima ulikuwa na upana wa mita moja na sentimita ishirini, na chini ni hivyo hivyo. Nusu ya upana ni sitini. Nikazidisha kama inavyopasa duara, nikazidisha kwa kina, nikapata lita elfu mbili mia mbili na sitini. Nilitaka miligramu tano za klorini katika kila lita, na hizo ni gramu kumi na moja na nukta tatu. Lakini unga wa dukani si klorini tupu. Kopo lilisema asilimia sitini na tano. Nikagawanya: gramu kumi na saba na nukta nne. Yote hayo niliyafanya kwa kalamu, nyuma ya bahasha, bila simu. Shangazi alisimama pembeni akitazama tarakimu zikiteremka, na niliona amevutiwa ingawa hakusema.

Mizani ya jikoni haioni nukta nne. Nikaenda kwa sonara wa kichochoro cha pili, mzee mwenye mizani ya dhahabu ndani ya kijisanduku cha kioo.

"Nipimie huu, fundi. Gramu kumi na saba na nukta nne."

Akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Ami, nimepima dhahabu ya wake watatu wa bwana mmoja, kila mmoja kwa siri. Lakini unga wa kuoshea choo, hii ndiyo mara ya kwanza."

"Ni wa kisima."

"Afadhali. Nilidhani unaoa." Akatandika karatasi juu ya sahani ya mizani, akapima kwa kijiko kidogo, chembe kwa chembe, kama kwamba mteja ni malkia.

Niliukoroga unga katika ndoo, nikaumwaga kisimani, nikachovya ndoo juu na chini mara ishirini ili dawa isambae. Kisha nikamwambia Shangazi alale kwa amani.

Alfajiri ya Jumanne, baada ya sala, niliteka maji nikachovya kijikaratasi cha kupimia. Klorini ikiwamo, kijikaratasi hugeuka rangi ya waridi. Hakikugeuka. Nikachovya kingine. Cheupe kama kanzu ya Idi.

Kiwandani tulikuwa na neno kwa hali hiyo: uchafu umekula dawa. Maji yakiwa machafu sana, klorini yote huishia kupigana na uchafu. Dawa yake ni kuzidisha. Nikarudi kwa sonara, nikampimisha gramu thelathini na tano. Akapima akitikisa kichwa. Saa nne asubuhi nikamwaga. Sikupima kina tena; kina nilikuwa nacho tayari, kimeandikwa nyuma ya bahasha.

Adhuhuri Shangazi alipika chai. Alikunywa funda moja, akaishika mdomoni, akaniangalia, akaenda kuitema uani.

"Mwanangu, chai hii imelazwa wodini?"

Nikaonja. Kweli, ilinuka kama sakafu ya hospitali iliyopigwa deki. Nikachovya kijikaratasi kisimani: kilikuwa chekundu hata kupita rangi ya mwisho iliyochorwa kwenye kopo la vijikaratasi. Nilifurahi kimoyomoyo. Ukali hupungua, nikamwambia, lakini sasa angalau hakuna mdudu aliye hai humo. Watoto wa madrasa niliwaambia watawadhe kwa maji ya madumu.

Saa kumi alasiri nikapima tena ili nione ukali umepungua kiasi gani. Kijikaratasi kilitoka cheupe.

Nakiri nilikaa juu ya ukingo wa kisima, bahasha mkononi. Kwa saa sita tangu niimwage, dawa ya kumfanya mtu ateme chai ilikuwa imetoweka. Hakuna uchafu duniani unaokula namna hiyo. Nilipitia hesabu yangu mstari kwa mstari. Duara, sawa. Kuzidisha, sawa. Asilimia, sawa. Ningeweza kuipeleka kwa mtahini yeyote nikapata alama zote. Na keshokutwa ni Alhamisi.

Shangazi alikuja kuteka maji ya kudekia. Alitupa ndoo, akavuta mara chache tu, ikawa juu.

"Hesabu imekataa?"

"Hesabu haina kosa, Shangazi. Dawa inapotea. Sijui inakwenda wapi."

"Yaenda ilikokwenda bahari."

"Vipi?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa kisima. "Yarabi! Weye wapima kisima hiki kama sufuria? Kisima chapumua, mwanangu. Bahari ikijaa, nacho chajaa, ikipwa, chapwa. Na leo ni bamvua, maji yapanda kushinda siku zote na yashuka kushinda siku zote. Hukuona kamba?" Akaniinulia kamba ya ndoo yake. Ilikuwa na mafundo matano. "Saa hizi nimevuta mafundo mawili. Asubuhi saa nne, ulipotia ile dawa yako ya pili, ilikuwa fundo la tano. Maji humo yalikuwa ya kufikia paja."

"Mbona hukuniambia?"

"Waniuliza mimi? Weye ndiye mtaalamu wa Ghuba."

Nimezaliwa katika nyumba ile. Nimekunywa maji ya kisima kile miaka kumi na tisa. Lakini wanaoteka ni wanawake. Sisi wanaume wa nyumba ile tulikuwa wanywaji tu, na mnywaji haijui kamba. Jumatatu alasiri nilikuwa nimepima kisima kikiwa kimejaa pomoni. Jumanne asubuhi nikakitilia dawa maradufu wakati kimebaki na chini ya nusu ya maji yale, ndiyo maana chai ikanuka wodi. Na kila bahari iliposhuka, maji yenye dawa yalitoka kupitia matundu ya jiwe, na ilipopanda yakaja maji mapya yasiyokuwa na dawa. Nilikuwa nimeweka klorini ya gharama katika mkondo wa bahari. Nazi yangu niliihesabu sawasawa kabisa. Kikombe ndicho kilichokuwa kikibadilika mkononi.

Mtu asiyesoma angekata tamaa hapo. Mimi niliangaza macho uani, nikaona njia.

"Shangazi, lile tangi la plastiki pale pembeni, linavuja?"

"Halivuji. Halina maji tu, bomba limenuna mwezi wa pili sasa."

Lita mia tano. Tangi halipumui. Lita mia tano asubuhi ni lita mia tano jioni, bamvua au si bamvua. Tutateka maji kisimani, tutayatia tangini, dawa tutaitia humo, na watoto watatumia bomba la tangi peke yake.

"Basi tuteke kesho alasiri yakiwa yamesimama juu," akasema Shangazi. "Yakiwa chini yazoa tope na chumvi. Hilo halimo katika diploma?"

"Sasa limo," nikasema.

Hesabu ya tangi ilikuwa na kikwazo chake. Miligramu mbili kwa kila lita, mara mia tano, ni gramu moja ya klorini. Katika unga, ni gramu moja na nusu na ushei. Siwezi kumpeleka Shangazi kwa sonara kila siku ya Mungu. Nikafanya tulivyokuwa tukifanya maabara: nikatengeneza maji mama, yaani dawa kali ya kuchotwa kidogo kidogo. Nilipimisha gramu kumi na tano na nukta nne, nikayeyusha unga kwanza katika maji kidogo ndani ya chupa, na hapo ndipo nikajaza mpaka alama ya lita. Wengi hukosea hapa, hutia unga juu ya lita iliyokwisha kujaa, wakapata zaidi ya lita na wasijue. Mimi sikosei hapa. Sasa katika lita ile moja mlikuwa na gramu kumi za klorini tupu, na gramu moja tuliyoihitaji ilikuwa katika mililita mia. Nilikuwa nikitafuta chupa yenye mistari ya kupimia pale Shangazi aliponipa finjani ya kahawa. Nikaipima kwa bomba la sindano jipya nililonunua duka la dawa. Ikijazwa mpaka mstari wa dhahabu chini ya mdomo, inachukua mililita hamsini barabara.

"Finjani mbili," nikasema.

"Mbili kwa tangi zima," akasema. "Na hii finjani haitanywewa tena." Akaifunga utepe mwekundu shikioni.

Jumatano alasiri tuliteka ndoo moja baada ya nyingine mpaka mikono ikawaka moto. Hapo nilijua kwa nini wanawake wa nyumba ile hawakuwahi kuniogopa. Tukatia finjani mbili, tukakoroga kwa mti, tukangoja. Magharibi kijikaratasi kilikuwa cha waridi. Alfajiri ya Alhamisi kilikuwa bado cha waridi, kimefifia kidogo kama inavyotakiwa. Shangazi alikiomba, akakiweka ndani ya msahafu wake kama alama ya ukurasa.

Afisa alikuja saa tatu. Safari hii aliketi bila kuambiwa, akanywa kahawa, kisha akafungua bomba la tangi, akajaza kichupa, akatia kidonge. Maji yakageuka waridi. Akalinganisha na rangi za kifaa chake.

"Imebaki nukta tano kwa lita. Nzuri sana." Kisha akainama juu ya kisima, akateka, akapima. "Huku hakuna kitu. Ulitia dawa kisimani?"

"Mara mbili."

"Ikapotea?"

"Ikapotea."

Akaketi juu ya ukingo, pale pale nilipokaa mimi na bahasha yangu. "Mzee, niambie ukweli. Visima vinne katika mtaa huu nimevitia dawa mwenyewe. Leo nyingi, kesho hakuna. Ofisini wananiambia napima vibaya. Nimehesabu mpaka nimeota hesabu. Kwetu, kisima ukikipima leo, mwakani kiko vile vile."

Ningeweza kujibu moja kwa moja. Lakini mtu akikuuliza namna hiyo, na amekuita mzee mara mbili, huna budi kuvuta kiti. Nilimweleza yote, bamvua na maji mafu yasiyopanda wala kushuka sana, kujaa na kupwa, kamba na mafundo, tangi na maji mama, na yeye akaandika kurasa tatu. Shangazi alipitapita uani akifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Nilipofika kwenye mafundo, alikohoa.

"Haya ya mafundo," nikasema, "nimeyapata kwa Shangazi."

"Andika hilo, binti yangu," Shangazi akasema. "Liandike kwa wino."

Binti akachukua maji ya tangi katika chupa ya maabara, akaondoka. Kungoja kulikuwa kubaya kuliko kuteka. Waridi la klorini huonyesha dawa imo. Halionyeshi vijidudu vyote vimekufa. Hilo nililijua na sikumwambia Shangazi, na yeye alilijua na hakuniambia. Ijumaa alikunja na kukunjua mikeka mara tatu. Wazazi walipouliza kama Jumamosi kuna masomo, alijibu inshallah, na inshallah ya Shangazi kwa kawaida ni ahadi. Siku ile ilikuwa dua.

Jumamosi asubuhi watoto walikuwa wamekwisha kusimama mlangoni na juzuu zao vifuani wakati binti alipotokea mwisho wa kichochoro. Hakutabasamu mpaka alipofika. Akampa Shangazi karatasi.

"Nisomee. Miwani iko ndani."

"Maji ya tangi ni safi, mama. Hakuna kijidudu hata kimoja. Kisima kisitumiwe kunywa wala kutawadha moja kwa moja, maji yake yapite tangini. Madrasa iendelee."

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Lakini ni nani atakayetia dawa kila siku?" akauliza binti. "Tangi likiwa nusu ndipo watu hukosea."

Nilifungua mdomo. Shangazi akanitangulia.

"Tangi zima, finjani mbili. Nusu, finjani moja. Robo, nusu finjani. Sitii kabla sijagonga tangi kusikia maji yamefika wapi. Nikizidisha, watoto watema. Nikipunguza, wewe waja na daftari lako. Kuna jingine?"

"Hakuna, mama."

"Basi kaa unywe kahawa." Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama kizingitini, nimejiandaa kutoa maelezo zaidi. "Na weye na unene wako wa Ghuba, toka mlangoni watoto wapite."